Kuwakaribisha wasomaji wa nchi nyingine katika habari za familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za familia huandikwa kwanza kwa ajili ya wenyewe: ndugu waliotawanyika, watoto watakaotaka kujua walikotoka, wazee wanaopenda kusikia majina yao yakitajwa. Kisha, zikishawekwa kwenye intaneti, siku moja hufika salamu kutoka kwa msomaji wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wa familia aliyewahi kuikanyaga, na mwandishi hutambua kwamba mlango uko wazi kuliko alivyodhani. Nimeandika habari za familia yangu kwa miaka mingi, na wageni wa namna hiyo wamenifundisha mengi. Majibu yafuatayo yametokana na maswali ambayo wanaoanza kazi hii huniuliza, na yote yanasimama juu ya imani moja: mgeni anastahili kupewa kiti kizuri na maelezo ya kutosha, lakini wenye nyumba hawageuzwi maonyesho kwa ajili yake.

Kwa nini mtu wa mbali asome habari za familia asiyoijua?

Kwa sababu familia ni jambo analolijua. Huenda hajui mji wenu wala historia yenu, lakini anajua jinsi ndugu wawili wanavyoweza kununiana kwa ajili ya kiti cha marehemu baba yao, na anajua moyo unavyoshtuka simu inapolia usiku wa manane. Wapo pia wanaojifunza Kiswahili, lugha ambayo UNESCO iliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, kwa uamuzi wa Novemba 2021. Hao hutafuta mazungumzo ya mama na mtoto wake ambayo vitabu vya sarufi haviwapi. Na wapo wajukuu wa ndugu zetu waliozaliwa ughaibuni, ambao kwa pasipoti ni wageni na kwa damu ni wenyeji. Hawa wa mwisho ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika, kwa sababu wanahitaji maelezo yale yale anayohitaji mgeni, ila wao huona aibu kuyaomba.

Niandike kwa lugha gani?

Andika kwa lugha ambayo mambo yenyewe yalisemwa. Bibi anapomkanya mjukuu wake, uzito wa maneno umo katika maneno yale yale aliyoyatumia, na ukiyahamisha kabla hujayaandika, umekwisha kuyapoteza hata kwa watoto wako mwenyewe. Baada ya kuandika, weka mwishoni muhtasari wa aya moja katika lugha ambayo wageni wako wengi huisoma, ukieleza nani anazungumzwa na nini kilitokea. Nimeona waandishi wengine wakiacha Kiswahili kabisa kwa kuamini kwamba ndiyo njia ya kuwaheshimu wageni, na baada ya mwaka mmoja shangazi zao wakawa hawawezi tena kusoma habari zinazowahusu. Huo si ukarimu.

Je, si mashine za kutafsiri zitafanya kazi hiyo?

Zitafanya sehemu yake, na zimempunguzia mgeni adha kubwa. Lakini yafaa kujua zinapokosea, ili uandike kwa namna ya kuzisaidia. Kosa la kwanza linahusu jinsia. Kiswahili husema “alikuja, akakaa, akalia” bila kuonyesha kama aliyelia ni mwanamume au mwanamke, na ndivyo zilivyo pia Kituruki, Kifini na Kihungaria, ambazo zina neno moja tu kwa maana ya “yeye”. Kiingereza na Kifaransa hulazimika kuchagua, na mashine isipopata dalili yoyote hukisia; ndiyo maana shangazi aliye daktari anaweza kugeuka mwanamume katikati ya simulizi. Tiba yake ni nyepesi: taja jina au cheo cha undugu mwanzoni mwa kila aya, uandike “shangazi alikuja” kabla ya “akakaa”.

Kosa la pili linahusu maneno yenye maana nyingi. “Ndugu” huweza kuwa mtu wa tumbo moja nawe, au jamaa wa mbali, au mwenzako kazini. “Wifi” inaweza kusomwa kuwa intaneti isiyo na waya. “Mzee” anaweza kuwa baba mzazi, babu, au mtu yeyote unayemheshimu. Mwandishi anayejua hayo huongeza maneno mawili matatu, kwa mfano “wifi yangu, yaani dada wa mume wangu”, na sentensi hubaki salama katika lugha yoyote itakayopelekwa.

Maneno ya undugu niyafanye nini?

Yaache kama yalivyo, kisha uyaeleze. Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hupotea, na pia ndipo familia hujifunua zaidi.

Kila lugha hugawa jamaa kwa namna yake. Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa Marekani aliyetumia miaka mingi kukusanya maneno ya undugu kutoka kwa jamii nyingi za dunia, alichapisha kazi yake mwaka 1871 na kuonyesha kwamba migawanyo hiyo ina utaratibu. Miongoni mwa Iroquois wa Amerika Kaskazini, kwa mfano, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba, ilhali ndugu wa kiume wa mama ana jina lake. Msomaji wa Kiswahili hashangai hata kidogo, kwa kuwa naye ana baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Mwingereza anao wote watatu chini ya neno moja, na akisoma kwamba mtoto alilelewa na “baba zake watatu” atadhani kuna jambo la kushangaza linalofichwa. Mchina, kwa upande wake, hutofautisha ndugu mkubwa na ndugu mdogo wa baba kama tufanyavyo sisi, na huelewa mara moja. Mswidi ana neno moja kwa bibi mzaa mama na jingine kwa bibi mzaa baba, na yote mawili yametokana na maneno “mama” na “baba” yaliyounganishwa. Ukimwandikia “bibi” peke yake, atauliza ni yupi.

Kwa hiyo usimtafsirie mgeni “baba mdogo” kuwa baba aliye mfupi, wala usiliondoe neno hilo na kuweka neno la Kiingereza lisilosema kama alikuwa upande wa baba au wa mama. Andika “baba mdogo” na mara ya kwanza ueleze: ndugu mdogo wa baba, ambaye kwa mtoto ni baba na ana haki ya kumkanya na wajibu wa kumlinda. Maelezo hayo yakishatolewa mara moja, mgeni huanza kuona kwa nini kifo cha baba mdogo kilimfanya mtoto aitwe yatima kwa mara ya pili. Mimi huweka pia mchoro mdogo wa ukoo wenye vyeo tu, bila majina kamili wala tarehe, na ndio ukurasa ambao wageni huurudia mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Na majina ya watu?

Usidhani kwamba msomaji anajua jina lipi ni la mtu na lipi ni la baba yake. Hungaria, China, Japani na Korea hutanguliza jina la ukoo. Nchini Hispania mtu huwa na majina mawili ya ukoo, moja la upande wa baba na jingine la upande wa mama. Iceland watu wengi hawana jina la ukoo kabisa. Huchukua jina la baba, au la mama, na kuongeza neno lenye maana ya mwana au binti, hata kaka na dada wakawa na majina ya mwisho yanayotofautiana. Mgeni kutoka huko hatashangaa kuona kwamba babu, baba na mjukuu katika familia yako hawashiriki jina la mwisho, lakini mgeni kutoka Uingereza anaweza kudhani si watu wa familia moja. Sentensi moja ya maelezo yatosha.

Niandike vipi tarehe na saa?

Andika mwezi kwa neno. Tarehe 4/3 ni ya Machi kwa sehemu kubwa ya dunia na ni ya Aprili kwa Marekani, na mimi niliwahi kupokea rambirambi iliyochelewa mwezi mzima kwa sababu hiyo tu. Aliyeituma alikuwa ameweka siku ya kumbukumbu katika kalenda yake kwa upendo mkubwa, akakosea bila kosa lake. Ukipenda tarakimu tupu, fuata kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, inayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa wasomaji wa Ethiopia kumbuka kwamba kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka saba au minane, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa unaoonekana kwenye cheti cha mkwe wako huenda si wa kalenda unayoifikiria.

Saa ina mtego wake kwetu sisi. Mswahili anayesema mtoto alizaliwa saa mbili usiku amehesabu tangu machweo, na mgeni anayesoma tafsiri neno kwa neno anaweza kuelewa 02:00, kabla ya alfajiri, badala ya 20:00. Andika “saa mbili usiku, yaani 20:00”. Mkitangaza mazungumzo ya familia ambayo ndugu wa mbali watajiunga nayo, taja pia saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo nchi zote hulinganisha nayo saa zao, kwa maana tofauti za saa si lazima ziwe kamili: India iko mbele ya UTC kwa saa tano na nusu, na Nepal kwa saa tano na dakika arobaini na tano.

Majira nayo yaandikwe kwa mwezi. “Kiangazi” cha nusu ya kusini ya dunia huangukia Desemba, wakati kaskazini watu wamejifunika blanketi.

Vipimo je?

Tumia vyako, na uongeze vya mgeni pale tu jambo linapotegemea ukubwa wake. Mtoto wa kilo 3.2 ni wa takriban pauni 7. Joto la nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti. Hayo yanatosha.

Je, ninahitaji ruhusa ya watoto wangu kuandika habari zao?

Unahitaji, na haitoshi kuuliza mara moja. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na katika kifungu cha 16 kwamba faragha na heshima yake zilindwe. Mambo hayo mawili yanamhusu moja kwa moja mzazi anayeandika. Mtoto wa miaka minne hufurahi kusomewa habari zake. Wa miaka kumi na miwili huweza kuumia kwa maneno yale yale, hasa rafiki zake wakiyapata. Kuwapo kwa wageni huongeza uzito wa jambo, kwa kuwa msomaji wa mbali hamwoni mtoto anavyokua: kwake atabaki yule aliyekojoa kitandani katika simulizi ya mwaka fulani.

Kwangu nimejiwekea mipaka ambayo siivuki. Siandiki ugonjwa wa mtoto ukiwa bado unaendelea. Siandiki adhabu. Siandiki matokeo ya shule, yawe mazuri au mabaya, kwa sababu mazuri ya mmoja humhukumu mwenzake. Kabla ya kutoa habari yoyote, mhusika huisoma au husomewa, na neno lake la “hapana” halihitaji sababu. Nimewahi kuondoa simulizi niliyoipenda kuliko zote kwa ombi la binti yangu, na wageni kadhaa waliuliza imekwenda wapi. Niliwajibu kwamba mwenyewe hakupenda, na hakuna aliyelalamika.

Je, sheria za nchi za wasomaji zinanihusu?

Huweza kukuhusu, hasa ikiwa wewe au jamaa unayemwandika mnaishi huko. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haiyagusi mambo ya nyumbani na ya binafsi kabisa. Lakini Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikwisha kuamua mwaka 2003, chini ya sheria iliyoitangulia, kwamba kuweka taarifa za watu kwenye intaneti mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma si jambo la nyumbani tena. Ufaransa nayo ilitunga sheria Februari 2024 inayowapa wazazi wote wawili wajibu wa pamoja wa kulinda haki ya mtoto juu ya picha yake. Ushauri wangu ni mfupi: jamaa anayeishi Ulaya akikuomba uondoe habari zake, ziondoe siku hiyo hiyo, kwanza kwa sababu ni jamaa yako.

Vipi kuhusu picha?

Kabla ya kutoa picha, futa taarifa zilizofichwa ndani yake. Simu nyingi huandika katika faili ya picha siku, saa na hata mahali hasa ilipopigwa, na picha ya mtoto akicheza uani inaweza kumwelekeza mtu hadi kwenye lango la nyumba. Angalia pia kilicho nyuma: sare ya shule, namba ya gari, barua iliyo mezani. Habari za safari zitolewe mkiwa mmesharudi.

Picha za zamani zina swali lingine, ambalo watu husahau. Kuwa na picha mkononi si kuwa na haki ya kuichapisha. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimejiunga nao, kazi hulindwa kwa jina la aliyeiumba, na kwa picha ya harusi ya wazazi wako huyo huenda ni mpiga picha wa studio au warithi wake. Inapowezekana, uliza, isipowezekana, taja angalau kwamba picha ilipigwa na mtu wa studio.

Ni taarifa gani zisitolewe kabisa, hata kwa wageni wema?

Tarehe kamili za kuzaliwa za walio hai, na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Katika nchi nyingi benki zimekuwa zikitumia mambo hayo kumtambua mteja, na habari za familia huyamwaga bila mwandishi kujua. Usitaje pia majina ya utani ya wajukuu pamoja na majina ya babu na bibi walio hai. Kuna matapeli wanaowapigia wazee simu wakijifanya wajukuu walio taabani ugenini, na mzee akiitwa kwa jina la nyumbani huamini upesi. Kwa walio hai mimi hutumia vyeo tu: shangazi mkubwa, kitinda mimba, mjomba wa pwani ya pili. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia kwamba simulizi imepungua utamu kwa hilo.

Habari za marehemu zahitaji tahadhari gani mbele ya wasomaji wa nje?

Zinahitaji tangazo mwanzoni. Katika jamii nyingi za wenyeji wa asili wa Australia, kutaja jina la aliyefariki au kuona picha yake kunaweza kuwaumiza sana waliobaki, na ndiyo maana vituo vya televisheni vya huko hutoa onyo kabla ya vipindi vyenye picha au sauti za marehemu. Sentensi moja inayosema “simulizi hii ina picha ya marehemu” humwachia msomaji uamuzi wake. Humsaidia pia jamaa wa mbali ambaye pengine hajapata habari za msiba. Hakuna anayepaswa kujua kifo cha baba mkubwa pamoja na watu asiowafahamu.

Nifanye nini mgeni anapouliza swali linaloumiza?

Tenganisha asiyejua na asiyejali. Anayeuliza kwa nini mtoto alilelewa na bibi ilhali mama yake yu hai, mara nyingi ametoka mahali ambapo jambo hilo huashiria ugomvi au umaskini, naye anastahili jibu la upole. Anayerudia swali baada ya kuambiwa kwamba wenyewe hawapendi kulizungumza hastahili jibu la pili. Usiwalazimishe wanafamilia kujibu wenyewe, na usiombe radhi kwa namna familia yako inavyoishi.

Maneno ya kumkaribisha mgeni yaandikweje?

Yawe mafupi, na yamwambie mambo anayoyahitaji kweli: ninyi ni kina nani kwa vyeo, mnaandika kwa lugha gani, mchoro wa ukoo uko wapi, na nini kisichoruhusiwa kuchukuliwa. Yangu yanasema hivi: “Karibu. Hapa tunaandika mambo ya familia ya vizazi vinne, kwa Kiswahili, na muhtasari uko mwisho wa kila habari. Ukikutana na neno la undugu usilolijua, tazama mchoro. Picha za watoto tunaomba zisinakiliwe. Ukiandika kwa lugha yako tutajitahidi kuisoma, na ukitueleza mnavyomwita ndugu wa mama yenu, tutafurahi.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniletea barua nyingi kuliko yote niliyoyaandika.

Msomaji wa nje akidai kuwa ni ndugu yetu?

Mpokee kwa heshima na usimpe chochote cha kuthibitishia dai lake. Jina la ukoo linalofanana si ushahidi, na habari mlizokwisha kuzitoa wenyewe haziwezi kuwa ushahidi pia, kwa sababu amezisoma. Mwombe aeleze anachokijua yeye: nani alihama, kwa sababu gani, alikuwa akiitwaje nyumbani. Kisha upeleke maelezo hayo kwa mzee wa familia mwenye kumbukumbu, bila kumtajia jibu unalolitarajia. Akiomba fedha kabla ya hapo, mazungumzo yameisha.

Sisi tuliwahi kupokea barua ya mama mmoja aliyeishi mbali sana, aliyedai kwamba babu yake na bibi yetu walinyonya ziwa moja. Hakuwa na hati yoyote. Alikuwa na jina la utani tu, ambalo babu yake alilitaja alipokuwa mgonjwa, na ambalo hatukuwahi kuliandika popote. Shangazi mkubwa aliposomewa barua hiyo aliniomba nirudie mstari ule, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama huyo mtoto ana namba ya simu.